Gari Hili Lilikuwa la Nani? Mwongozo kwa Mwenye Gari la Zamani Bukavu

Bukavu haina gari la zamani lililowahi kuwa la mtu wa kawaida. Simama Nyawera, uliza habari za Mercedes yoyote iliyotimiza miaka 40, utaambiwa ilikuwa ya Mobutu. Kama si ya Mobutu, basi ilikuwa ya askofu. Kama si ya askofu, ilikuwa ya Mbelgiji mwenye shamba la kinina aliyeondoka mwaka 1960 akaacha funguo mezani na tangi limejaa. Ukizijumlisha Mercedes zote anazopewa Mobutu na wauza magari wa mji huu, utaona hakuwa na saa hata moja ya kutawala; miaka 32 yote alikuwa akishuka gari hili na kupanda lile.

Nayapenda magari ya zamani, na ndiyo maana hadithi hizi zinanikera. Zinawafunika watu wa kweli: shofere aliyelala chini ya gari usiku kucha kule Ngomo, mwalimu aliyelilipa kidogo kidogo, mama mjane aliyenyang'anywa mbele ya mlango wake. Kwa hiyo mwongozo huu ni wa mtu aliyenunua, aliyerithi au anayetaka kununua gari la zamani hapa Bukavu, na anataka kujua limetoka kiwanda gani, lini, na limepita mikononi mwa nani.

Anza kwa kuziba masikio. Muuzaji akisema, mwache aseme, mpe hata soda akaushe koo, lakini usiandike kitu. Shahidi wa kwanza ni chuma. Gari lina namba iliyogongwa kwenye shasi au kwenye bodi, na unapoitafuta beba petroli kidogo, kitambaa laini na subira. Msasa na brashi ya waya viache nyumbani, kwa sababu tarakimu zilizogongwa mwaka 1966 hazina kina kirefu, na mwenye haraka akizisugua mara chache anazifuta moja kwa moja. Ondoa matope, ondoa grisi, subiri pakauke. Halafu weka karatasi nyembamba juu ya namba, ishike isiteleze, upitishe penseli ikiwa imelala ubavu. Namba itapanda yenyewe kwenye karatasi, na pamoja nayo vitapanda vilivyofichwa na rangi: tarakimu iliyokaa juu kuliko jirani yake, 3 iliyofumbwa ikawa 8, mikwaruzo ya mashine ya kusagia, ukingo wa kipande kilichochomelewa kutoka gari jingine. Andika tarehe na mahali kwenye karatasi hiyo, uitie kwenye plastiki. Picha ya simu piga pia, ila isichukue nafasi ya penseli, maana rangi mpya humdanganya mpiga picha kirahisi.

Namba ikaapo hutegemea gari. Kwenye Volkswagen Coccinelle, inua kiti cha nyuma. Namba imegongwa juu ya handaki la katikati ya sakafu, na inarudiwa kwenye kibati kilicho mbele, nyuma ya tairi la akiba. Kuanzia magari yaliyotoka kiwandani Agosti 1964, namba ya Coccinelle inasomeka bila mganga: tarakimu mbili za mwanzo ni aina ya gari, ya tatu ni mwaka wa modeli. Inayoanza na 116 ni ya modeli ya 1966, yaani iliundwa kati ya Agosti 1965 na katikati ya 1966. Sasa nenda nyuma, tazama namba ya moteri chini ya dinamo. Ikianza na F, ni moteri ya 1300 na inakubaliana na shasi. Ikianza na AD, hiyo ni 1600 iliyoanza kutoka Agosti 1970, kwa hiyo moyo uliomo si ule liliozaliwa nao. Hilo si aibu kwa gari. Aibu ni ya muuzaji anayekuapia kwamba hakuna boliti hata moja iliyowahi kuguswa.

Ukiwa na namba hiyo unaweza kuandika Wolfsburg. Jumba la makumbusho la Volkswagen la huko hutoa, kwa malipo, cheti chenye siku gari lilipoundwa, rangi yake ya kwanza na mahali lilikopelekwa. Na hapa Wakongo wengi wenye gari la zama za Ubelgiji wanapaswa kujua jambo moja kabla hawajakata tamaa: kampuni ya D'Ieteren ilikuwa ikiunganisha Coccinelle huko Forest, Brussels, tangu mwaka 1954. Barua ikija ikisema gari lako lilipelekwa Brussels, usifikiri wamelichanganya na la mtu mwingine. Inawezekana ndipo lilipofungwa boliti zake kabla ya kupanda meli.

Land Rover nayo ina wenyewe. Jumba la makumbusho la magari ya Uingereza lililoko Gaydon linatunza madaftari ya kiwanda cha Solihull, na cheti chake hutaja tarehe ya kuundwa, rangi, namba ya moteri na mahali gari lilipotumwa. Namba za shasi za Series IIA hata kabla ya kuandika barua zinasema mengi. Kwa ile fupi ya petroli, 241 mwanzoni ni gari la usukani wa kulia lililouzwa Uingereza kwenyewe, 244 ni la usukani wa kushoto lililouzwa nje, na 245 ni la usukani wa kushoto lililosafirishwa vipande vipande ili liunganishwe huko liendako. Lakini kabla ya hapo tazama mabawa ya mbele. Kama yanateremka kwa mshazari badala ya kukatwa wima, hapo umebahatika, kwa kuwa hiyo ni Minerva, Land Rover iliyoundwa Antwerp kwa leseni katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1950, hasa kwa ajili ya jeshi la Ubelgiji. Barua yake usiipeleke Uingereza kwanza, na usimruhusu fundi yeyote ayanyooshe mabawa hayo eti yalipata ajali.

Kwa Peugeot, andikia L'Aventure Peugeot, wenye makumbusho Sochaux; nao hutoa hati ya kuthibitisha tarehe ya gari. Ila uliza kwanza usukani uko upande gani. Peugeot 504 iliundwa Ufaransa, lakini pia iliunganishwa Kaduna na Mombasa, na ya Mombasa ina usukani wa kulia na iliendelea kutoka miaka mingi baada ya Ufaransa kuacha saluni yake mwaka 1983. Mtu akikuuzia 504 ya usukani wa kulia kwa hadithi ya Mbelgiji wa mwaka 1960, mkumbushe kwa upole kwamba 504 ilianza kuuzwa mwaka 1968. Mbelgiji huyo angeondoka kwa miguu.

Toyota haihitaji barua. Namba yake ya shasi hubeba jina lake mwanzoni: FJ40, BJ40, HZJ75. F ni moteri ya petroli ya silinda 6, na kwenye BJ40, B ni dizeli ya silinda 4 iliyoanza mwaka 1974. Ukikuta shasi imeandikwa BJ40 na chini ya kapo kuna petroli ya silinda 6, unajua moteri imehamishwa, na swali linalofuata ni ya zamani ilikwenda wapi. Mwezi wa kuundwa utaupata kwa kuingiza namba nzima kwenye katalogi za vipuri zilizoko kwenye intaneti. Na magari ya Ulaya ya miaka ya 1980 kuja mbele yana namba ya nafasi 17, ambamo herufi I, O na Q hazitumiki kabisa. Ukiiona O humo, kuna mtu alikuwa na nyundo na alikuwa na haraka.

Barua hizi zote zina gharama, na malipo kutoka Bukavu ni mtihani. Ndiyo maana tuna ndugu Matonge ya Brussels. Mwombe alipe, umtumie picha ya namba, karatasi ya penseli na hati yako ya umiliki. Makumbusho hayo hayatoi habari za gari kwa kila anayebisha hodi, na yana haki.

Tuseme jibu limekuja na linataja Dar es Salaam. Usikimbilie kusema gari lilikuwa la Tanganyika. Costermansville, kama mji huu ulivyoitwa hadi miaka ya 1950, ilikuwa mbali na Matadi: reli hadi Léopoldville, mto hadi Stanleyville, kisha barabara. Njia ya mashariki ilikuwa fupi. Reli ya kutoka Dar es Salaam ilikuwa imefika Kigoma tangu 1914, na kwa mkataba wa 1921 Waingereza waliwapa Wabelgiji maeneo yao ya bandari, Belbase, Dar es Salaam na Kigoma, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Mzigo ulishuka melini, ukapanda treni, ukavuka Ziwa Tanganyika, ukapandishwa huku milimani. Kwa hiyo ukikuta bandari ya Dar es Salaam na usukani wa kushoto kwenye gari moja, gari hilo huenda lilikuwa likija kwetu, au Rwanda, au Burundi, kwa sababu Tanganyika waliendesha kushoto na usukani wao ulikuwa kulia.

Hapo umejua kuzaliwa kwake. Maisha yake yanasomwa kwenye majeraha.

Ingia ndani ya gari na taa. Rangi ya kwanza hujificha pale ambapo mpaka rangi hafiki: chini ya betri, nyuma ya dashibodi, ndani ya kisanduku cha mbele, chini ya mpira wa mlango. Kwangua kwa ukucha, usitumie kisu. Kisha tazama vibati vidogo vya viwanda. Sehemu iliyoandikwa Nippondenso ilitengenezwa kabla kampuni hiyo haijabadili jina kuwa Denso mwaka 1996. Ikiandikwa Denso tu kwenye gari la 1985, imeletwa baadaye. Mikanda ya viti ina lebo yenye tarehe. Vioo vina alama za kiwanda pembeni. Vitatu vikiwa vya kiwanda kimoja na cha nne cha kingine, hicho cha nne kilivunjika, na kila kioo kilichovunjika Bukavu kina siku yake na sababu yake.

Kama usukani ulihamishwa kutoka kulia kwenda kushoto, ukuta wa moteri una matundu yaliyozibwa, na waipa hufagia upande ambao hakuna dereva. Gari la namna hiyo mara nyingi lilianza maisha yake Japani, Uingereza au kwa majirani zetu wa mashariki. Fungua mlango wa dereva wa zamani utazame fremu yake: gereji za Japani hubandika hapo kijikaratasi cha kubadilisha mafuta, chenye kilomita na tarehe. Mwaka ulioandikwa humo mara nyingi ni wa zama za mfalme. Kwa Shōwa ongeza 1925, kwa Heisei ongeza 1988. Heisei 7 ni 1995. Kilomita za kijikaratasi zikiwa nyingi kuliko za dashibodi, mwite muuzaji aje azisome mwenyewe kwa sauti.

Land Cruiser nyeupe ndizo vitabu vinene kuliko vyote. Wakimbizi walipomiminika kutoka Rwanda mwaka 1994, mashirika ya msaada yalifurika mji huu pamoja na magari yao, na tangu hapo hayajakoma kuja, kumaliza mradi, kuuza magari na kuondoka. Mengi ya magari hayo ni HZJ75 na HZJ78 zenye moteri ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 na silinda 6. Zitazame jioni jua likiwa chini, ukiinamisha kichwa ubavuni mwa mlango. Rangi iliyokaa chini ya nembo haikuungua na jua kama nyingine, na herufi za shirika hujitokeza hata baada ya stika kubanduliwa. Kwenye kioo cha ubavu utaona gundi ya duara, pale palipobandikwa bunduki iliyopigwa mstari mwekundu. Kwenye bampa au bawa kuna matundu ya antena ndefu ya redio. Panda juu ya paa: wengine waliandika nembo huko ili ndege iwaone. Ukishapata jina la shirika umepata na mlango wa kubisha, kwa sababu mashirika huuza magari kwa mnada na hutunza orodha ya namba za shasi. Magari ya Umoja wa Mataifa vilevile, ila harakisha. MONUSCO, kikosi chake cha kulinda amani, iliondoka Kivu Kusini mwaka 2024, na anayekumbuka mnada hakai mahali pamoja milele.

Jambo moja zaidi kwa wapenda kabureta. Bukavu iko kwenye mita 1,500 hivi juu ya bahari, na hewa huku ni nyepesi. Fundi wa zamani aliyeijua kazi yake alipunguza jigleri, kitundu cha kabureta kinachopima petroli, ili gari lisinyonye petroli kupita kiasi na kutoa moshi mweusi. Namba ya jigleri imegongwa juu yake. Ilinganishe na ya kitabu cha gari. Ikiwa ndogo, huenda gari limeishi huku juu muda mrefu na lilikuwa na fundi aliyelipenda. Mtafute huyo fundi, au mwanafunzi wake.

Sasa karatasi. Nimeziweka nyuma makusudi. Karte roze, bima, kitansi cha forodha, vyote ni muhimu, na vyote mjini hapa vinapatikana kwa anayejua pa kuvitafuta, vikiwa na muhuri uliokauka asubuhi ya leo. Wapo mabingwa wa kazi hiyo. Tatizo lao ni kwamba wanajua kuchonga muhuri na hawajui historia ya nchi, na hapo ndipo tunapowakamata.

Nchi iliitwa Zaire kuanzia Oktoba 1971 hadi Mei 1997. Karatasi ya 1969 yenye kichwa cha République du Zaïre ni ya uongo. Kivu ilikuwa mkoa mmoja hadi mwaka 1988, ilipogawanywa kuwa Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema. Muhuri wa mkoa wa Sud-Kivu kwenye hati ya 1983 ni wa mtu aliyezaliwa baadaye. Forodha iliitwa OFIDA, na DGDA ilianza kwa dekreti ya Desemba 2009. Kitansi cha DGDA cha mwaka 2005 kimetoka mbinguni. Shirika la ukaguzi la OCC liliitwa OZAC wakati wa Zaire. Faranga ya Kongo ya sasa ilianza kutumika Juni 1998. Aliyelipa kodi ya gari kwa faranga hizo mwaka 1995 alikuwa nabii. SONAS, kampuni ya bima ya serikali, ilianzishwa mwaka 1966 na ilikuwa peke yake sokoni hadi sheria ya 2015 ilipofungua mlango. Bima ya kampuni binafsi ya Kikongo ya mwaka 1990 ichane, au bora zaidi, itunze uwaonyeshe wajukuu.

Bima za SONAS za kweli ni lulu. Watu walizikunja wakazisahau nyuma ya kivuli cha jua, chini ya zulia, ndani ya mfuko wa mlango. Kila moja ina jina, tarehe na namba. Ukizipanga kwa miaka unaona wenye gari wakipokezana.

Lakini angalia mtego wa mwaka 1972. Mobutu aliwaamuru raia waache majina ya Kikristo na kuchukua ya asili. Joseph wa karatasi ya 1970 anaweza kuwa mtu yuleyule mwenye jina jingine kabisa kwenye karatasi ya 1973, na wengine walirudia majina yao ya ubatizo utawala ulipolegea. Nimeona watu wakiandika wenye gari watatu palipokuwa na mmoja. Linganisha anwani, kazi na saini kabla ya kuhesabu vichwa.

Na mtego mwingine ni wa Novemba 1973. Tarehe 30 ya mwezi huo Mobutu alitangaza zairianisation: mashamba, maduka na biashara za wageni zikagawiwa Wazaire. Gari la kampuni lilikwenda na kampuni, na mara nyingi hakuna karatasi ya mauzo kwa sababu hapakuwa na mauzo. Ukikuta gari linatoka kwa jina la Mgiriki kwenda kwa jina la Mzaire mwanzoni mwa 1974 bila bei, umekuta siasa, na uiandike hivyo. Kwa upande wa migodi, kampuni kadhaa ziliunganishwa kuwa SOMINKI mwaka 1976, kisha SAKIMA ikaja mwaka 1997. Lori linaweza kubadili mwenyewe mara mbili bila kutoka uani. Kama gari lilikuwa la misheni, hapo tabasamu: Mapadri Weupe walikuwa na desturi ya kuandika shajara katika kila kituo, na kanisa halitupi karatasi ovyo.

Ukiwa na chuma na karatasi mkononi, ndipo uende kwa watu. Nenda Kadutu kwa fundi mzee, asubuhi kabla kazi hazijamjia, msalimie vizuri, keti unapoonyeshwa, na usitoe daftari mapema. Kosa la wengi ni kuuliza, "Papa, hii motokari ilikuwa ya nani?" Hapo utapewa Mobutu. Uliza, "Papa, ulianzaga kuijua ikiwa na rangi gani?" Kudanganya kuhusu rangi hakumpi mtu faida, na watu huikumbuka. Akisema kijani, nawe umeona kijani chini ya betri, umempata shahidi. Uliza nani alikuwa shofere, si nani alikuwa mwenyewe. Matajiri huondoka, mashofere hubaki na watoto wao hubaki. Uliza lilikuwa likilala wapi, lilibeba nini Jumapili, liligongwa upande gani. Usiweke jibu ndani ya swali. Halafu kawaulize watu wengine wawili ambao hawazungumzi na huyo wa kwanza, na Bukavu si vigumu kuwapata.

Halafu weka gari lako mbele ya siku ambazo mji huu hauzisahau, na kwa kila moja uliza, lilikuwa wapi? Agosti 1964, waasi wa Simba walipoushambulia mji na jeshi la Mulamba likawarudisha. Agosti hadi Novemba 1967, mamluki wa Schramme walipoukalia na wakazi wakakimbia. Oktoba 1996, waasi wa AFDL walipoingia. Mei na Juni 2004, wapiganaji wa Nkunda na Mutebutsi walipouteka. Februari 2025, waasi wa M23 walipouingia. Wazee hawakumbuki mwaka gari liliponunuliwa, lakini wanakumbuka kama lilivushwa Ruzizi usiku ule, kama lilitolewa magurudumu likafichwa kwa mbao, au kama vijana wenye silaha walilichukua na likaonekana tena baada ya miezi likiwa na rangi nyingine.

Ndiyo maana hadithi ya gari la askofu hunitia hasira kuliko zote. Jioni ya tarehe 29 Oktoba 1996, hapohapo Nyawera, askari walilisimamisha gari la Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, naye akauawa. Mahali pale panabeba jina lake. Mtu anayepandisha bei ya Peugeot kwa kutaja askofu bila kujua anataja nini, mwache na Peugeot yake.

Itafika siku uchunguzi wako utakuambia usilotaka kusikia: kwamba gari halikuuzwa, lilichukuliwa, na familia ya mwenyewe bado ipo. Hapo fanya mambo kwa utaratibu. Usimtajie muuzaji jina la familia hiyo, wala usiliweke kwenye simu za watu. Nenda wewe, au mtume mzee wanayemwamini, na uanze kwa kuwaonyesha karatasi ya penseli. Wengine watataka gari. Wengine watataka kulipwa kitu. Wengine watataka kulitazama tu na kusimulia, na hao wape siku nzima. Kama gari halijawa lako, usilinunue kabla ya mazungumzo hayo. Kama limekuwa lako, utahitaji mwanasheria na moyo mweupe, kwa sababu wewe ulilipa na wao hawakuuza, na nyote wawili mna neno. Kwa gari linaloshukiwa kuibwa nje ya nchi, Interpol ina orodha ya magari yaliyoibwa duniani, lakini polisi ndio wanaoweza kuiuliza kupitia ofisi yao ya taifa. Mtu binafsi anayekuambia ameangalia mwenyewe kwa dola 50, ameangalia mfuko wako.

Baada ya yote hayo, nunua daftari gumu la kurasa nyingi. Ukurasa wa kwanza bandika karatasi ya penseli. Kisha kiwanda na tarehe, njia iliyolileta, rangi kwa mpangilio wake, moteri kwa mpangilio wake, wenye gari na mashofere kwa majina kama walivyoruhusu yaandikwe, na pembeni ya kila habari andika umeipata wapi: chuma, karatasi au mtu. Pasipo na habari acha mistari mitupu, usiijaze kwa kubahatisha. Toa nakala mbili, moja ikae nje ya Bukavu. Siku ya kuliuza gari, daftari liende nalo, na mnunuzi alisome kabla ya kulipa. Asiyetaka kulisoma, anayeuliza tu kama lilikuwa la Mobutu, muuzie kwa bei kamili.